Pembe ya Tembo na Kokwa la Mti: Kila Kitu kwa Jina Lake

Kila mara tunapokutana hapa Goma kuzungumza juu ya sanaa ya wazee wetu, swali moja linarudi, na mara nyingi linaharibu kikao. Pembe ya tembo imekatazwa. Basi mchongaji atachonga nini, na kisu cha heshima kitawekwa mpini gani? Wako wanaojibu kwamba bila pembe mila imekwisha kufa, tufunge mlango twende nyumbani. Wako wengine, hasa marafiki wa mazingira, wanaokuja na jibu tamu: “Iko pembe ya miti! Bazungu banaiita ivoire végétal. Iko nyeupe, iko nguvu, inang’aa. Wapeni wachongaji hiyo, tembo apumzike, mila iendelee.”

Mimi ninawaheshimu wote, lakini sikubaliani na upande wowote. Kokwa wanalolisifu ni kitu kizuri, sina neno nalo. Ila kwa mpini wa kisu halifai sana, nitaeleza kwa nini. Na lile jina la “pembe” walilolivika ndilo linaloniudhi zaidi. Tuanze na kitu chenyewe.

Kokwa linalojulikana zaidi duniani linatoka mbali, Amerika ya Kusini, hasa Ecuador na Colombia, kwenye mti wa jamii ya michikichi unaoitwa tagua. Wataalamu wa mimea Ruiz na Pavón waliupa mwaka 1798 jina la Phytelephas, yaani kwa Kigiriki “mmea-tembo”. Ndani ya tunda lake mna mbegu zenye ukubwa wa yai la kuku. Zikiwa changa ndani yake ni maji, baadaye zinakuwa ute mzito, na zikikomaa na kukaushwa zinakuwa ngumu kama mfupa. Ugumu ule kwa kweli ni chakula: ni akiba ya sukari ambayo mti umeishindilia ndani ya mbegu ili kichipukizi kije kuila. Tuseme ni bugali uliogeuka jiwe. Tangu mwisho wa karne ya 19 hadi Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Ulaya na Marekani, kama vile vya Rochester huko New York, vilitengeneza vifungo vya mashati na makoti kwa mbegu hizo, kwa mamilioni, mpaka plastiki ikaja ikawafungia kazi.

Afrika nayo ina mti wake. Waswahili wa pwani wanauita mkoma. Ni mti wa jamii hiyo hiyo ya michikichi, wa nchi za joto na ukame. Watoto wanaguguna nyama ya tunda na kulitupa kokwa. Unaota Sudan na Eritrea, Turkana, pwani ya Kenya, na ndugu zake wanafika hadi Zambia na Namibia. Sisi wa Goma hatuna jina lake kwa sababu hauoti kwetu: tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, tumeketi juu ya mawe ya Nyiragongo. Lakini jirani anao. Kwenye bonde la Rusizi, upande wa Burundi, ng’ambo kidogo tu ya Uvira, kuna pori la mikoma, nalo limo ndani ya hifadhi ya taifa. Kwa hiyo mtu anayesema “twende tukachume Rusizi” ajue anatutoa kwenye hifadhi moja, ya Virunga, kwenda kuiba kwenye nyingine. Tagua nayo italazimika kuvuka bahari. Yaani fundi wa Kivu, mwenye msitu nyuma ya nyumba, aagize mbegu ng’ambo ili atengeneze kitu kinachofanana na kile alichokatazwa! Mimi jambo hilo linanishinda.

Sasa tuje kwenye kisu. Mpini wa kisu cha kawaida unahitaji sentimita kumi hivi au kumi na mbili. Kokwa la tagua halifiki nusu ya urefu huo, na la mkoma lina tundu katikati. Huwezi kutoa humo mpini mzima. Utakata visahani, uvitoboe, uvivishe kimoja kimoja kwenye mkia wa chuma kama shanga, katikati ukitia ngozi au shaba. Kazi ya namna hiyo ikifanywa na fundi mwenye subira ni nzuri kuangalia. Lakini kokwa linakunywa maji. Likilowa sana linavimba na kulainika, likikauka kwa haraka linapasuka. Chukua kisu cha mama anayekata lengalenga na kupasua samaki wa Kituku, kisu kinacholala ndani ya beseni tangu asubuhi: mpini huo hautaona mwaka. Kwa kisu cha kutundika ukutani, au cha kutolewa siku ya sherehe tu, sawa. Kwa pete, kete, kifungo, au sanamu ya ukubwa wa kidole gumba, kokwa ni bora kabisa. Linashika mstari mwembamba kama unywele. Anayelisifu kama mpini wa kisu cha jikoni, bila shaka yeye si muosha vyombo.

Wazungu wenyewe walilitambua jambo hilo zamani. Mafundi wa visu wa Sheffield, Uingereza, walikula pembe za Afrika kwa tani nyingi, na pembe ilipopanda bei walitafuta cha kushika nafasi yake. Marekani nako, kampuni ya meza za biliadi ilitangaza mwaka 1863 zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu badala ya pembe kwa kutengenezea mipira. Mwaka 1869 John Wesley Hyatt akatoa seluloidi, iliyotokana na pamba iliyopikwa kwa asidi na kuchanganywa na kafuri. Muone: hiyo nayo ni “ya mimea”. Kwa miaka mingi visu vya mezani vya Ulaya vilikuwa na mipini ya seluloidi nyeupe, na watengenezaji waliichora hata mistari myembamba ili mnunuzi adhani anashika pembe. Ubaya wake ni kwamba inashika moto kwa urahisi. Halafu, karibu na mwaka 1910, kampuni ya Westinghouse ikaleta Micarta: karatasi au kitambaa kilicholoweshwa rezini na kushindiliwa kwa joto kali. Ilitengenezwa kwa ajili ya mambo ya umeme, lakini mafundi wa visu wakaipenda, na hadi leo wanaitumia. Basi mbadala wa mimea ulioshika mpini wa kisu kwa kweli ni pamba na karatasi, si kokwa.

Kati ya hizo mbili mimi ninaichagua Micarta, na si kwa sababu ya nguvu peke yake. Iko ya rangi ya pembe, ni kweli, lakini iko pia nyeusi na ya kijani, na fundi anapokuuzia anakutajia jina lake bila haya. Seluloidi ya kuchorwa mistari ilikuwa uongo tangu siku ilipozaliwa.

Kwetu sisi neno pembe si neno jepesi. Hiki Kiswahili tunachokizungumza Goma, Bukavu na Kindu kilifika bara pamoja na misafara ya pembe. Watu wa Tippu Tip walikaa Kasongo na Nyangwe, huko Maniema, wakikusanya pembe zilizobebwa mabegani hadi Zanzibar. Nyingi zilivuka bahari hadi Connecticut, Marekani, zikakatwa kuwa vibao vya piano. Dola ya Leopold ilipowafukuza Waarabu kwa vita vya 1892 hadi 1894, pembe haikubaki nyumbani, ilibadilisha njia tu. Tayari mwaka 1888 pembe za Kongo zilikuwa zinauzwa Antwerp. Kwenye maonyesho ya Tervuren ya mwaka 1897, Wabelgiji walionyesha sanamu za wasanii wao zilizochongwa kwa pembe zetu. Pembe na kaucho, hayo mawili njo wazee walilipia kwa damu.

(Kiswahili chenyewe hakikusema sawasawa, kwa sababu kile ni jino la tembo, si pembe. Na mtu wa Kinshasa akisema pembe kwa Kilingala, anamaanisha pia rangi nyeupe.)

Hapo kwenye weupe ndipo shaka yangu inapoanzia. Soko la ng’ambo lilitafuta kitu cheupe na laini, na kokwa la tagua linasifiwa kwa weupe huo huo. Je, wazee wetu nao walitafuta weupe?

Chukueni visu vya Wamangbetu wa Uele, vile vilivyopinda kama mundu, ambavyo vitabu vyote vya sanaa vinavionyesha na mpini wa pembe. Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme Mbunza mwaka 1870, akaandika juu ya ufundi wa chuma wa watu hao. Lakini vitu vingi vya pembe vinavyojaza makumbusho vilikusanywa baadaye, na Herbert Lang na James Chapin, waliokuwa huku kati ya 1909 na 1915 kwa niaba ya makumbusho ya New York. Watafiti Enid Schildkrout na Curtis Keim walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1990 kwamba sehemu kubwa ya sanaa ile yenye sura za watu ilikua kwa sababu ya wageni na zawadi kwa wakubwa wa Leta. Visu vyenye mpini wa mti vilikuwapo, na ndivyo vilivyofanya kazi. Kwa hiyo anayelia kwamba mila ya Wamangbetu inakufa kwa kukosa mpini wa pembe, aangalie vizuri: labda analilia duka la zamani la wazungu.

Kwa Warega mambo ni tofauti kabisa, na huko ndiko tunakoweza kujifunza. Katika chama cha bwami, huko Mwenga, Shabunda na Pangi, kitu cha kuchonga hakikuwa pambo. Mtu alipanda ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ilikuwa na vitu vyake na maneno yake ya kufundisha. Kinyago kidogo cha mti, lukwakongo, kilikuwa cha watu wa yananio. Kinyago kidogo cha pembe au mfupa, lukungu, na sanamu za pembe, maginga, vilikuwa vya wakubwa wa kindi, ngazi ya juu kabisa. Daniel Biebuyck, aliyeishi kati yao miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1973, alieleza mambo hayo kwa urefu.

Kwanza, vitu vile havikuwa vyeupe. Vilipakwa mafuta, vikasuguliwa, vikashikwa na mikono ya watu wengi, vikageuka vya manjano, vya kahawia, hata vyekundu. Kile cheupe kilikuwa bado kipya, hakijakutana na watu. Pili, na hilo nalipenda zaidi, mfupa haukuwa na aibu mbele ya pembe. Kuna maginga mengi ya mfupa, yaliyokuwa na heshima yake mikononi mwa watu wa kindi. Mti nao haukujifanya pembe. Lukwakongo hakikuwa lukungu cha maskini. Kilikuwa kitu kingine, chenye mahali pake na somo lake. Warega walijua sana kutofautisha vitu: kila kitu kilisema kinatoka wapi na mwenye kukishika amefika wapi. Ukiwaletea kokwa la tagua na kuliita pembe, umewaharibia hesabu yote. Ukiwaletea kama kokwa, wangelipatia nafasi na neno lake.

Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji ulikataza bwami, na vitu vingi viliondoka vikaenda kwenye makumbusho na nyumba za matajiri. Leo kopi zinazunguka Goma, Bukavu, Kampala hadi Nairobi: mfupa wa ng’ombe, hata plastiki, vimepakwa mafuta na kufukizwa moshi ili vionekane vya babu. Tazameni mambo yalivyogeuka. Zamani mafuta yalikuwa alama ya miaka na mikono. Sasa yanapakwa ndani ya siku mbili ili kumdanganya mugeni.

Tukitaka mfano wa mbadala wenye heshima, twende pwani. Siwa ya Pate, baragumu kubwa la wafalme lenye zaidi ya mita mbili, ni ya pembe za tembo. Siwa ya Lamu ni ya shaba. Zote mbili zinatunzwa Kenya, na kila moja ina watu wake wanaojivunia. Fundi wa Lamu hakuipaka shaba chokaa ili ifanane na ya Pate; aliacha shaba iwe shaba, akaonyesha ufundi wa kumimina madini. Na huko Oman, ambako wako ndugu wengi wanaozungumza Kiswahili, jambia la sherehe lilikuwa zamani na mpini wa pembe ya kifaru au ya tembo. Leo mingi ni ya msandali na vitu vya kiwandani. Wanaume bado wanalivaa arusini.

Na kokwa lenyewe je, likichongwa? Namibia, na upande wa maporomoko ya Victoria, vijana wanachonga makokwa ya mkoma wa huko, wanaouita makalani, na kuyauza kwa watalii, mengi yakiwa ya kutundikia funguo. Baadhi yao hawalimenyi kokwa lote. Wanaacha ganda la kahawia, wanachimba ndani yake mpaka weupe unatokea, na mnyama anasimama kwa rangi mbili. Ukikishika unajua mara moja kwamba hii ni mbegu. Michoro yao inajirudia mno, tembo, twiga, faru, tembo tena, na hapo ninawalaumu. Lakini njia waliyoichukua ni ya kweli. Linganisheni na vile visanamu vya tagua vya mtindo wa Kijapani, vilivyomenywa, vikang’arishwa, vikapakwa chai vionekane vya kale. Mkono wa mchongaji labda ni hodari zaidi, lakini kazi nzima imetumika kuficha kitu kilichoifanya iwezekane. Mimi ninauona kuwa ufundi wa mwizi.

Wengine wataniambia: “Mwalimu, jina ni kitu gani? Si tembo anapona?” Hapana, hapo hasa njo tembo anakufa. Mwaka 1989 nchi za mkataba wa CITES ziliamua kukataza biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika. Nchi yetu ina sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inayolinda viumbe. Sasa weka sokoni pete nyeupe za kokwa zinazoitwa “pembe”. Kijana wa duane pale Petite Barrière atajuaje ipi ni ipi? Wakubwa wa maabara wanajua: ukiikata pembe ya tembo na kuing’arisha, unaona mistari inayopishana kama wavu, ambayo kokwa haina, na tone la asidi kali ya salfuriki linaligeuza kokwa kuwa na rangi ya waridi-zambarau kwa dakika kumi na mbili hivi, wakati pembe haigeuki. Lakini ile taa ya zambarau wanayotumia kuangalia noti za dola haisaidii kitu, kwa sababu vyote viwili vinawaka karibu sawa. Nani atatembea na asidi kwenye barrière? Kwa hiyo jina moja kwa vitu viwili linamsaidia mwenye kuuza kokwa kwa bei ya pembe, na linamsaidia zaidi mwenye kupitisha pembe akisema “ni mbegu tu, chef”. Mwaka 2020 tembo mamia kadhaa walirudi Virunga wakitokea upande wa Uganda, baada ya miaka mingi ya bunduki. Wale hawahitaji tuwatafutie jina la kuwaficha wawindaji.

Basi fundi wetu wa Goma afanye nini? Yeye ana watoto wa kulisha, na tangu vita vya Januari 2025 wanunuzi wa vinyago walipungua sana. Mimi ninaona mpini wa kisu urudi kwenye mti. Iko libuyu inayoshuka toka Beni na Butembo, iko muvula, iko mbao nzito za vipande vinavyobaki kwa maseremala na kuishia kwenye makaa. Kipande cha mkono mmoja kinatosha mpini. Kikaushwe polepole kivulini, si juani, kichomwe tundu kwa chuma chenye moto, kisuguliwe, kinyweshwe mafuta moto mara tatu au nne, na maji hayataingia kwa urahisi. Mwenye kutaka weupe aweke pete ya mfupa wa ng’ombe kwenye shingo ya kisu. Machinjio yanautupa kila siku. Akipata makokwa kwa njia halali, ayachonge vitu vidogo na aache ganda lionekane. Tunao tayari mfano mbele ya macho: chukudu ni mbao toka usukani hadi gurudumu, hakuna aliyeipaka rangi ya chuma, na mji ukaisimamishia sanamu kwenye rond-point.

Na sisi wa chama tuna kazi moja ndogo, rahisi. Kwenye maonyesho yetu karatasi chini ya kila kitu huandikwa “kisu cha kale” au “sanamu ya Kirega”, basi. Tuandike pia: mti gani, mfupa wa mnyama gani, kokwa la mti gani, kimechongwa mwaka gani na mkono wa nani. Kile ambacho mwenye nacho anakataa tukiandikie hivyo, kibaki nje ya meza.